Gregory Kaenda Geita

Usiangalie pembeni, nakuona. Jirani yako alipotetemeka kwa homa juzi, ulimwambia "meza ya malaria" ukarudi kwenye simu yako. Mimi sisahau. Namkumbuka Donatus, mchimbaji mwenzetu: kipimo kilisema hana malaria, akaandikiwa dawa ya malaria, tukamzika na malaria yake ya kwenye karatasi.

Sasa sikia ya hapa machimboni Mwakitolyo wiki iliyopita. Nesi Apolonia alishuka kwenye bodaboda pale karashani, tunaposagia mawe, karatasi mkononi.

"Namtafuta Gregory Magesa. Alitolewa damu zahanati Ijumaa. Majibu yake yamerudi."

Machimboni hakuna mtu anayeitwa jina la cheti. Kuna Kifaru, kuna Waziri, kuna Nusu Kilo. Anayekuja na jina kamili kwenye karatasi huwa ni polisi, au mke aliyetelekezwa Kishapu. Kwa hiyo tukajibu kama kwaya:

"Kaenda Geita!"

Hata Waziri, aliyejikunja juu ya viroba vya mawe, macho mekundu, akainua kichwa. "Kabisa, mayu. Kaenda Geita na mwanamke."

"Basi mpigieni simu," akasema Apolonia. "Ana dengue, virusi vya mbu. Akimeza diklofenaki, ile ya maumivu ya dukani, anaweza kuvuja damu mpaka afe."

Waziri akatazama kiganja chake. Vidonge viwili vya diklofenaki. Maji yalishamiminwa kikombeni.

"Mama," akauliza polepole, "huyo Gregory, kama jana alimeza kimoja?"

"Gregory apande hii bodaboda sasa hivi!"

Tulicheka tukashika mbavu. Halafu nikaona aibu. Miezi mitano nachimba naye duara moja, shimo moja la dhahabu, sikujua jina lake.

"Nani mwingine ana homa?" Apolonia akauliza.

Kila mtu akatazama viatu vyake. Nikasimama. "Kifaru, siku ya tatu. Nusu Kilo, tangu jana."

"Msaliti!" wakanizomea.

"Msaliti ndiyo, andika nesi!" Nikampeleka mpaka kwenye pipa letu la maji. Viluwiluwi wa mbu wanacheza humo kama wako harusini. Nikalipindua.

Waziri bado amelazwa, chini ya chandarua, damu inapimwa kila asubuhi. Wale wawili wako vitanda vya jirani.

Na wewe? Mwenye homa unamjua, hata sasa unamfikiria. Acha kusoma. Inuka, kamtaje zahanati, jina la cheti na la utani. Ukitoka, mwaga pipa lako. Leo, siyo kesho.