Jarida la Wote

Makala ambayo Hanna Kaaya aliitolea jasho kwa miaka minne, yeye mwenyewe alishindwa kuisoma.

Aliligundua hilo siku kamati ya maji ya kijiji cha kwao, upande wa mashariki wa Mlima Meru, ilipomtuma mtu chuoni kwake Arusha kuomba nakala. Walikuwa wamesikia kwamba binti yao ameandika habari za maji yao, wakataka kujua amesema nini. Hanna akaingia maktaba, akafungua kompyuta, akalitafuta jarida la Ulaya lililoichapisha. Likatokea jina lake, kikatokea kichwa cha makala na aya moja ya muhtasari, basi. Chini yake kulikuwa na tangazo: anayetaka kuendelea alipe kwa dola. Chuo hakikuwa na fungu la mambo hayo. Na Hanna, siku ile ya shangwe alipoarifiwa kwamba makala imekubaliwa, alikuwa ametia saini kwamba haki zote ni za mchapishaji, na kwamba hataitoa mahali pengine popote, hata rasimu aliyobaki nayo.

Akamweleza yule mjumbe kwa mdomo. Chemchemi za juu msituni ni safi. Visima virefu vya chini vina floraidi nyingi, ile inayowatia watoto meno ya kahawia na, ikizidi, kuwapinda miguu. Mjumbe alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaondoka mikono mitupu.

Jambo lile lilimkaa rohoni. Akamsimulia mwenzake Hatibu, mhadhiri wa historia aliyekuwa mtundu wa kompyuta kuliko hata waliosomea kompyuta. Hatibu akacheka, lakini si kwa furaha.

"Wewe una nafuu," akasema. "Mimi nimeandika jinsi babu yangu alivyotoka Kondoa kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Baba yangu ndiye aliyenisimulia yote. Sasa akitaka kuyasoma, inabidi auze mbuzi."

Hapo ndipo lilipozaliwa Jarida la Wote. Ilikuwa mwaka 2003, na habari zilikuwa zimeanza kuvuma kwamba wasomi wa nchi mbalimbali wanaweka tafiti zao kwenye mtandao, anayetaka kusoma asome bure. Hanna na Hatibu wakasema, kwa nini si Arusha? Wangepokea makala za kila fani, mifugo, sheria, historia, udongo, tiba. Kila moja ingepelekwa kwa wataalamu wawili waichambue bila huruma, na mbele yake ungewekwa muhtasari wa Kiswahili. Jumamosi walikutana kwa shemeji yake Hatibu, aliyekuwa na duka la intaneti pale Sakina, wakafanya kazi huku nje mafundi wanagonga mabati ya magari hadi maneno hayasikiki.

Toleo la kwanza lilipotoka, bwana mifugo mmoja wa Monduli aliwaandikia kwamba makala ya ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, ameichapa na kuwasomea wafugaji mnadani. Hanna alizunguka na ujumbe ule ofisi hadi ofisi kama mtu aliyepata mtoto.

Furaha ile haikudumu. Kamati ya chuo ya kupandisha vyeo ikatangaza kwamba makala za Jarida la Wote hazitahesabiwa, kwa kuwa jarida halijulikani nje. Waandishi wakaanza kuchomoka mmoja mmoja. Wengine waliomba makala zao zirudishwe wazipeleke Ulaya. Nafasi ya kwenye mtandao ilibidi ilipiwe, naye Hatibu ndiye aliyekuwa akilipa kutoka mfukoni mwake. Mwaka huohuo kiwanda alichofanyia kazi mkewe, Mwamvua, kikauzwa kwa mwekezaji, na Mwamvua akapunguzwa kazi pamoja na wenzake.

Jumamosi moja Hatibu akasema, "Waandishi wachangie."

"Wachangie ili makala zao zichambuliwe, au zipite?" Hanna akauliza.

"Zichambuliwe, Hanna. Kwani mimi mhuni?"

"Leo zitachambuliwa. Mwakani mtu amelipa, utathubutu kumwambia makala yake haifai?"

"Na wewe mtandao utaulipia kwa kitu gani? Kwa hotuba zako?" Hatibu alisimama. "Nyumbani kwangu sasa tunakula mshahara mmoja. Wewe huna mtoto wa kumpeleka shule."

Neno lile lilimchoma Hanna. Akakusanya vitu vyake. "Fanya unavyotaka," akasema. "Ila jina langu liondoe kwenye uhariri mkuu."

"Nitaliondoa."

Hakuliondoa. Jina la dakta aliyechapishwa Ulaya, likikaa juu ya ukurasa, ndilo lililowavuta walipaji. Na Hanna, kwa hasira, hakuufungua tena ukurasa ule.

Ikapita kama miaka miwili. Mwenyekiti wa kijiji cha kwao, Mzee Yoeli, akampigia simu. Kampuni moja ya uchimbaji ilikuwa imechimba kisima kirefu chini ya shule, kwa fedha za wafadhili, na kijiji kilitakiwa kukaa kikao na kukipokea. "Njoo, mwanangu," alisema mzee. "Wewe ndiye mwenye elimu ya mambo haya."

Hanna alikwenda na nakala ya makala yake, ile aliyoichapa mwenyewe kabla ya kuipeleka Ulaya. Darasa lilijaa hadi madirishani. Kina mama waliketi mbele, na katikati yao mama yake mzazi, kitenge kipya kichwani. Injinia wa kampuni, kijana mpole aitwaye Rodrick, alimwamkia kila mzee shikamoo, kisha akaeleza kisima kina urefu gani, pampu ni ya aina gani, na vilula vya kukingia maji vitakaa wapi. Kina mama wakapiga vigelegele. Wengi wao walikuwa wakipanda hadi msituni kila alfajiri kuteka maji, na migongo yao ilikuwa imechoka.

Hanna akasimama. "Maji ya kina hicho, sehemu hii ya mlima, yana floraidi," alisema. "Niliyapima. Watoto watakaozaliwa leo watakuja kuharibika meno, na wengine mifupa. Tuvute bomba kutoka chemchemi ya juu."

"Bomba la kutoka juu wafadhili hawakulipangia fedha, Dakta," Rodrick akasema taratibu. "Na huo utafiti wako, tunaweza kuusoma wapi?"

Hanna akainua karatasi zake.

"Hizo umechapa mwenyewe. Nauliza ulikochapishwa."

"Ni jarida la Ulaya. Linalipiwa."

"Basi mimi nina utafiti mpya zaidi, tena ni wa bure." Rodrick akatoa karatasi kwenye mkoba wake. "Mwandishi ni mimi na mwenzangu. Tumepima, tumeona maji ni salama. Umetoka kwenye Jarida la Wote. Hapa juu wameandika: mhariri mkuu, Dakta Hanna Kaaya. Si wewe?"

Kina mama wakageuka kumtazama. Hanna aliipokea ile karatasi, akaliona jina lake limekaa palepale alipoliacha. Akasoma haraka haraka. Hapakuwa na neno kuhusu jinsi maji yalivyopimwa, wala maabara gani. Palikuwa na majedwali mazuri tu.

"Hii sikuipitisha mimi," alisema. "Jarida hili nilishajitoa." Hata masikioni mwake mwenyewe sauti ilisikika kama ya mtu anayetafuta pa kutokea. "Nipeni chupa moja ya maji hayo nikayapime upya."

"Mkataba unatakiwa kusainiwa wiki hii," Rodrick akasema. "La sivyo, fedha za vilula zinahamia kijiji kingine."

Mzee Yoeli akavua kofia yake, akaiweka mezani. "Mwanangu," akasema, "lile andiko lako la kwanza tulikuja kuliomba, tukaambiwa limefungwa. Hili umelifungua wewe mwenyewe, lina jina lako, na linasema kingine. Sasa unataka tukufuate wapi?"

Hanna akazikunja karatasi zake. Ikaamriwa wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikainuka darasa zima, na wa mama yake ulikuwemo.

Jioni, nyumbani, mama alimwekea loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kwenye kibuyu kama alivyozoea. Hanna hakugusa.

"Mama, hata wewe?"

Mama akashangaa kwelikweli. "Yule kijana alipita nyumba kwa nyumba na zile karatasi," alisema. "Kiingereza sijui, lakini jina lako nalijua lilivyo. Nikaona Hanna ameandika, Hanna amekubali. Wenzangu walikuja kuniuliza hapa hapa, nikawaambia mtoto wangu hawezi kutudanganya." Akainamia kibuyu. "Leo ulivyosimama ukakataa, nikadhani umeogopa watu."

Kesho yake Hanna alishuka mjini, akamfuata Hatibu mtaa wa Kimandolu, alikohamia. Mwamvua alimkaribisha kwa furaha, akampa kiti, akaenda jikoni. Hatibu alikuwa mbele ya kompyuta yake mwenyewe, amenenepa kidogo.

"Yule Rodrick," Hanna akaanza bila salamu. "Nani aliichambua makala yake?"

Hatibu aliyafikicha macho. "Zinakuja nyingi, Hanna. Sina watu wa kuchambua."

"Na jina langu?"

Hatibu akarudisha macho kwenye kompyuta.

"Kijiji kizima kitakunywa yale maji kwa jina langu, Hatibu. Na mama yangu."

"Ulitaka jarida lililo wazi," Hatibu akasema, lakini hakumtazama. "Liko wazi. Kila mtu anasoma bure."

"Wanasoma uongo bure."

"Na ukweli wako nani aliusoma?" Aligeuka sasa, macho mekundu. "Niambie hata mmoja. Tulipokuwa wasafi, wenzetu walitucheka, kamati ikatukataa. Sasa hivi hiyohiyo kamati imeanza kulihesabu jarida, maana lina makala nyingi. Nusu ya wakubwa wako wamechapisha kwangu. Waulize."

"Iondoe ile makala."

"Mwandishi amelipa. Nikiiondoa atanishitaki." Akavuta kibodi. "Jina lako, sawa. Hilo naliondoa."

Akaliondoa mbele yake. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Mwamvua akarudi na sinia la chai na maandazi, akawatazama wote wawili, akauliza kama kuna msiba.

Hanna alipima maji ya kile kisima maabara ya chuo, akayakuta ni mabaya kama alivyosema, pengine zaidi. Aliandika kwa ofisi ya wilaya, akaandika kwa mkoa. Wilaya wakamjibu kwamba wana utafiti uliochapishwa unaoonyesha maji ni salama, wakaambatisha nakala. Mkoa hawakujibu. Alichapa matokeo yake kwa Kiswahili, akayabandika kwenye vilula kwa mkono wake. Wiki iliyofuata yalikuwa yamebanduliwa. Watu walisema ni chuki, kwa kuwa kazi ya kisima hakupewa yeye.

Basi akaanza kumpelekea mama yake maji ya chemchemi ya juu, kwa pikapu ya kukodi, madumu kwa madumu. Majirani wakaona. Maneno yakaanza kwamba maji waliyopewa watu wote hayamfai mama yake dakta. Kanisani, wanawake waliokuwa wakikaa benchi moja na mama wakaanza kusogea. Mama akavumilia, na madumu akawagawia wenye watoto wachanga, lakini wengi waliyakataa.

Jumapili moja, Hanna alifika akamkuta mama ana wageni watatu wa umoja wa wanawake, wamekaa uani. Wakamwitikia shikamoo yake, wakayatazama madumu. Mama akamwambia dereva asishushe madumu. "Rudi nayo tu, baba," alisema. "Hapa tuna maji."

Kisha akachukua ndoo, akaenda kwenye kilula kilichokuwa ng'ambo ya njia, akakinga, akarudi, akachemsha chai. Alimimina vikombe vitano. Cha Hanna alimpa mwenyewe, kwa mikono miwili, akabaki amesimama mbele yake. Wale wanawake nao walikuwa wanatazama.

Hanna akanywa.