Sauti ya Kupe

Kanisani kwao Temeke, wimbo haukuanza mpaka Filomena auanzishe. Alikuwa mjane wa Albano, mchonga vinyago, na tangu mumewe azikwe hakubakiwa na cha kujivunia ila sauti ile. Nayo alisema si yake, ni amana ya Mungu. Akifika mwisho wa mstari alikuwa na mazoea ya kuivuta silabi, akimsubiri Rosalia aingie na sauti ya pili. Miaka kumi na miwili alimsubiri hivyo, na Rosalia hakukosa hata siku moja.

Rosalia ndiye aliyeleta habari za filamu. Alikuwa akipika chai kwenye ofisi moja mjini, ambako vijana walichora wanyama kwenye karatasi mpaka wanyama wakatembea.

"Wanyama wanaanzisha kijiji cha ujamaa, mwenzangu," alisema. "Tembo analima, nyuki anatunza ghala, na wote wanaimba! Zimebaki sauti mbili za wanawake."

"Mie niimbe kama mnyama?"

"Ndege, siyo mnyama. Mie nitakuwa nyuki, wewe njiwa. Kanisa zima nani njiwa kama siyo wewe?"

Filomena alisali siku tatu, kisha akakubali. Njiwa ni ndege wa Roho Mtakatifu; hakuona dhambi hapo.

Rosalia akamletea maneno yake. Karatasi haikuwa na kichwa. Pale juu palipostahili kuwa na jina la mnyama palikuwa pameondoka.

"Panya wa ofisini wameitafuna," Rosalia alicheka. "Wana njaa kuliko sie."

Filomena alisoma polepole, kidole kikifuata mstari: *Nipeni, ndugu zanguni, nipeni kidogo, mie mdogo sina shamba.* Maneno ya unyonge. Akaona yanamfaa njiwa.

Waliimba katika chumba kilichozibwa madirisha kwa mablanketi, mbele ya mashine ya kunasa sauti, bila kuona picha hata moja. Msimamizi, kijana aitwaye Marselino, alisema picha zitachorwa kufuata sauti. Filomena alifumba macho. Mwisho wa mstari akavuta, akasubiri, na Rosalia akaingia: *Jembe hili hapa, njoo tulime.*

Miezi minane ikapita. Ijumaa moja baada ya Sabasaba, jioni, filamu ikaletwa kwenye ukumbi wa jamii. Filomena alivaa gauni lake la Pasaka, akakaa mbele na jirani yake Mwajabu, aliyeacha vitumbua vyake ili aje kumwona njiwa.

Tembo akaimba, watu wakapiga makofi. Kisha njiwa akatua juu ya ghala, mweupe kama kanzu ya komunyo, akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya Rosalia.

Sauti ya Filomena ilitokea sikioni mwa ng'ombe. Alikuwa kupe. Amevaa tai, tumbo limefura, anabembeleza, *nipeni kidogo*, na kila alipoivuta ile silabi ya mwisho tumbo lilizidi kujaa, jekundu, mpaka ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Miaka ile kumwita mtu kupe, mnyonyaji wa jasho la wenzake, kulikuwa kubaya kuliko kumwita mwizi. Mwizi angalau anakimbia.

"Filomena," Mwajabu alinong'ona, "si ulisema njiwa?"

Mlangoni Marselino alimshika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama. Hongera! Kupe alitutesa, kila mwanamke alimkataa. Mie niliwaachia karatasi mbili, ya njiwa na ya kupe, mgawane wenyewe, na Mama Rosalia akanieleza kwamba umemchagua kupe kwa hiari yako, unapenda mzaha."

"Marahaba, mwanangu," Filomena alijibu.

Nyumbani aliitoa ile karatasi katika kitabu cha sala, akaitazama pale juu. Pamenyooka kama ukingo wa altare. Siku zote ilikuwa hivyo. Macho yake yaliona, moyo ukakataa.

Kesho yake alipopanga foleni bombani, watoto walimwimbia. "Mama Kupe! Nipeni kidogooo!" Mwajabu akawatupia kandambili.

"Kikulacho, dada," alianza.

"Usimalizie."

Alimkuta Rosalia akipepeta mchele. Akaiweka karatasi juu ya ungo.

"Nani aliikata?"

"Si nilikwambia, panya..."

"Rosalia. Panya hana wembe."

Ungo ukatulia. Rosalia alitoa chenga moja, akaiangalia, akaitupa. "Miaka kumi na miwili niko nyuma yako. Kuna anayenijua kwa jina? Wanasema, yule anayemwitikia Filomena. Nilitaka siku moja tu nisikike mie."

"Ungeniomba njiwa, ningekupa."

"Najua. Ungenipa, na utakatifu ungekuwa wako tena."

Filomena alichukua karatasi yake akaenda zake.

Jumapili padri alimwashiria kwa kichwa aanzishe. Watoto wa benchi za nyuma walikwisha kuziba midomo. Alifikiri kunyamaza, lakini amana hairudishwi kwa sababu watu wamecheka. Akaanza. Kicheko kikapita nyuma kama upepo, na mtu mzima mmoja naye akakohoa ili kukificha. Hakugeuka.

Mwisho wa mstari ulipokaribia, Rosalia kando yake alijaza kifua pumzi, akingoja ile silabi ivutwe kama siku zote.

Filomena aliikata palepale, akaingia mstari wa pili peke yake.