Mwalimu wa Kuluthumu

Kuluthumu alikuwa binti wa muadhini, na Hannah alikuwa muuza pombe ya mnazi wa mtaa wa Kisumu Ndogo. Ndiyo maana kila alasiri Kuluthumu alimwendea kwa mlango wa uani, buibui limemfunika mpaka machoni. Hannah alipata kuwa mwalimu wa Kiingereza kabla shule haijamwachisha kazi. Hakumtoza Kuluthumu hata senti.

Hoteli moja ya ufuoni ilitaka msichana wa mapokezi, na kila aliyeomba alisomeshwa tangazo la wageni. Ndani yake mlikuwa na neno "responsibility". Lo! Neno lile lilimpalia Kuluthumu kama mwiba wa samaki.

"Usilimeze zima, mwanangu," Hannah alisema, akamkabidhi mchi. "Vipande sita: re, spon, si, bi, li, ti. Kwa Kiswahili tumezoea kukaza cha pili toka mwisho, ndiyo maana unaangukia kwenye li. Hapa kaza bi. Vingine gusa tu kinu, kwenye bi shusha mchi wote."

"Mbona juzi uliniambia nikaze spon?"

"Hiyo ni 'responsible', mtu mwenye dhamana. Ukimtia mkia inakuwa dhamana yenyewe. Mkia ukija, mkazo unahama."

Basi wakatwanga, wakicheka, hadi mahindi ya Hannah yakawa unga na mikono ya Kuluthumu ikatoka malengelenge.

Siku ya usaili Hannah alishika njia kumsindikiza. Kuluthumu akatangulia mbele kwa haraka, asije akaonekana naye. Hannah akaketi kwenye benchi nje ya ofisi.

Meneja, Bwana Thuku, alimpa tangazo. Kuluthumu alisoma, vidole vikitwanga pajani chini ya meza, na neno likatoka safi.

"Maashallah!" Bwana Thuku alisema, Mkikuyu wa watu ameshazoea pwani. "Nani kakufundisha?"

Aseme muuza mnazi? Habari imfikie babake msikitini? "Nimejifunza mwenyewe," alijibu.

"Aa, bahati mbaya. Natafuta mwalimu wa kuwafundisha wafanyakazi wangu, kazi ya mshahara. Kweli humjui mtu?"

Mlango wa kumtaja Hannah ulikuwa wazi kabisa, angepita tu! Lakini mtoto wa watu akalikunja tangazo, akalirudisha mezani.

"Simjui mtu," alisema.

Kazi akapewa palepale. Alipotoka, Hannah aliinuka benchini, akamkumbatia kwa nguvu mbele ya watu wote, na Kuluthumu hakuthubutu kumsukuma.

"Hongera, mwanangu. Nimekusikia kupitia dirishani. Umelisema vizuri sana."

Kuluthumu aligeuka. Dirisha lilikuwa juu ya benchi, wazi, halina hata pazia. Aliona haya hata akatamani mama yule amtukane, amzabe kofi, amwite mwizi. Hannah alimtengenezea mtandio uliomteleza kichwani, akamwambia atangulie, yeye angefuata nyuma.