Meneja na Neno Pole

Mkandaji wa wanyama alikuwa binti wa maneno machache, na nusu ya maneno hayo ilikuwa pole. Akibonyeza mgongo wa farasi, pole. Akinyoosha mguu wa mbwa aliyetoka kupasuliwa, pole baba, pole sana, tunakaribia kumaliza. Mtunza farasi, ambaye watu walimwita Kidevu kwa kuwa alikuwa nacho cha kuwatosha watu wawili, hakuacha kumchokoza.

"Dada, hao wanyama unaongea nao kuliko unavyoongea na mimi."

"Wao hawanicheki," alisema, akaendelea na kazi.

Walifanya kazi nyuma ya zahanati ya mifugo, kwenye banda refu lenye harufu ya majani makavu na dawa ya kuchua. Upande mmoja walikaa farasi. Upande wa pili kulitandikwa mikeka ya mpira, na juu yake kulikuwa na tangi la maji la kutembezea mbwa na vijiti vilivyolazwa chini ili wajifunze tena kuinua miguu. Katikati palikuwa na uwanja mdogo.

Mgonjwa aliyemnyima mkandaji raha siku zile ni Meneja. Alikuwa mbwa wa kahawia, mzee, mnene kiasi, aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kukaa mlangoni na kutazama wengine wakifanya kazi. Kano ya goti la mguu wa nyuma wa kushoto ilikuwa imekatika alipokuwa akiruka ngazi, daktari akampasua na kumtengeneza. Mwenye mbwa alikuwa mama mshonaji, mjane. Meneja alikuwa wa marehemu mumewe, na tangu msiba ndiye aliyelala chini ya cherehani yake akisikiliza pedali.

Goti lilipasuliwa, nyuzi zikatolewa, kidonda kikapona, lakini Meneja hakukanyaga. Daktari akamwita mama mshonaji pembeni.

"Mama, Ijumaa nitamtazama tena. Kama bado anachechemea, basi kuna kitu ndani hakikukaa vizuri, itabidi nifungue upya."

"Si ufungue tu, mwanangu, kama ndiyo dawa yake?"

"Moyo wake umechoka. Mara ya kwanza aliamka kwa shida kwenye ile dawa ya usingizi. Safari hii sijui kama ataamka. Sitaki kukudanganya."

Mama mshonaji alivua utepe wa kupimia nguo uliokuwa shingoni mwake, akaukunja, akaukunjua, akauvaa tena.

Mkandaji alisikia yote akiwa nyuma ya tangi. Kilichomsumbua ni kwamba mikono yake ilimwambia jambo jingine. Goti lilikunjika bila kukwama. Halikuwa na joto wala uvimbe. Msuli wa paja, uliokuwa umenyauka, ulikuwa umerudi. Hata mama mshonaji alizungusha utepe wake kwenye paja moja, kisha jingine, akatikisa kichwa.

"Yamelingana. Ningekuwa namshonea suruali, nisingebadilisha kitu."

Lakini mkandaji alipomfunga kamba na kumwambia, "Haya, twende polepole," mguu ulipanda juu kama uliokanyaga kaa la moto. Akaanza kuitilia shaka mikono yake. Labda ilikuwa inamdanganya kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka mbwa yule afe.

Alhamisi mchana alikuwa na Bi Harusi, farasi jike mweupe aliyeumizwa mgongo na tandiko baya. Meneja alisubiri zamu yake mlangoni bila kufungwa, mama mshonaji kakaa kwenye benchi akipindia ukosi wa shati. Mkandaji alitembeza vidole taratibu kando ya uti wa mgongo wa farasi hadi akafika penye uchungu. Ngozi ikaruka, Bi Harusi akapiga kwato chini.

"Pole, mama. Pole."

Kidevu, aliyekuwa ameshika hatamu, akapasuka kicheko. "Tazama mwenzako naye anaitikia!"

Mkandaji akageuka. Meneja alikuwa katikati ya uwanja, njiani kuelekea kwenye ndoo ya pumba. Amefikaje pale? Sasa alisimama ametega masikio, mguu mmoja wa nyuma uko hewani, macho yamelegea kama ya mtu aliyefiwa.

"Kaka," mkandaji aliuliza, "kainua mguu gani ule?"

"Si ule wenye..." Kidevu akakodoa macho. "Eh! Kainua wa kulia. Kainua ule mzima!"

Mkandaji alimwendea, akachuchumaa. Kwa sauti ileile laini akamwambia, "Ndoo." Meneja akashusha mguu, akatikisa mkia. Akamwambia, "Dirisha." Hakuna kitu. Akamwambia, "Pole." Mguu ukapanda.

Mama mshonaji alisimama, shati likaanguka kutoka mapajani mwake. "Mungu wangu. Kila mteja anayeingia kwangu humwambia hivyo. Anayekuja kuchukua gauni, anayekuja kupunguza suruali. Pole Meneja, na kipande cha mkate juu!"

"Kumbe mwenzetu anaugua pole," Kidevu alisema.

"Na mimi," mkandaji alisema, uso ukimwaka, "kila nikimtembeza namwambia polepole. Mara mbili kwa mpigo."

Wakacheka mpaka Bi Harusi akageuza shingo kuwatazama. Kisha mkandaji akachukua kamba, akafikiri kidogo, akasema, "Haya, twende taratibu." Meneja akatembea. Akakanyaga kwa miguu yote minne, akazunguka uwanja, akavuka vijiti kimoja baada ya kingine. Mama mshonaji akampima tena mapaja, ingawa hayakuwa na sababu ya kupimwa. Mikono yake ilihitaji kazi.

Ijumaa walijipanga kama watoto wanaosubiri mgeni. Neno lile lilipigwa marufuku banda zima. Meneja alisimama juu ya mkeka kwa miguu yake yote. Daktari akaingia akijifuta mikono, mchangamfu kama kawaida yake.

"Poleni na kazi!"

Mguu ukapanda. Wa kushoto, ule uliopasuliwa. Daktari akauona, na uchangamfu ukamtoka.

"Ah. Bado. Basi mama, nitaandaa chumba."

Alikuwa amekwisha geuka. Kidevu alimtazama mkandaji, mama mshonaji naye akamtazama. Kwa daktari yule mkandaji alikuwa na maneno mawili tu, ndiyo na hapana, na yote mawili aliyasema akitazama viatu.

"Hapana, daktari," alisema. "Subiri. Usiseme tena lile neno."

"Neno gani?"

"Lile ulilotusalimia."

"Sijakuelewa."

"Siwezi kulitaja. Anasikia."

Daktari alimtazama kama anayetaka kumpima homa. Mama mshonaji akaona heri amsaidie. "Lile la kumwambia mtu akiugua, mwanangu."

"Pole?"

Meneja, aliyekuwa ameshusha mguu, akainua tena. Safari hii wa kulia. Daktari akatazama mguu, akatazama watu, akatazama mguu. Kisha akapiga magoti, akalishika goti la kushoto, akalikunja, akalisukuma huku na huku akitafuta mahali linapolegea. Hakupapata.

"Mtembeze," alisema.

"Taratibu," mkandaji alimwambia Meneja, nao wakaenda hadi mwisho wa banda na kurudi, wakapita juu ya vijiti.

"Sifungui kitu hapa," daktari alisema, akainuka akijipangusa magoti. "Mpelekeni nyumbani."

Mama mshonaji alikurupuka kuchukua mkoba wake, akajikwaa kwenye vijiti, akajigonga muundi kwenye tangi. Midomo mitatu ikafunguka pamoja, na pamoja ikafungwa. Yeye akabaki ameshika mguu, anasubiri.

"Hata mmoja wenu?" aliuliza.

"Taratibu, mama," mkandaji alisema, akamshika mkono.

Meneja alikuwa amekwisha fika getini kwa miguu yote minne, na hakugeuka kuona nani anachechemea.