Choo Kilipokuwa Hewani

Saa tatu kasorobo asubuhi, choo kilikuwa hewani.

Kilikuwa choo cha plastiki, cha buluu, cha kuhamishika, na kilining'inia kwenye kulabu ya kreni usawa wa ghorofa ya nne, kikielekea ya sita. Mafundi wa juu walikuwa wamelalamika kwamba kila wakibanwa hulazimika kushuka ngazi zote, na wakirudi wanakuta saruji imeanza kukauka bila wao. Msimamizi wa ujenzi aliwapuuza mpaka alipobanwa yeye mwenyewe akiwa ghorofa ya sita. Basi asubuhi ile choo kilimwagwa, kikaoshwa, mlango ukafungwa kwa waya usije ukapepea njiani, na safari ikaanza.

Aliyekipandisha alikuwa Twiga. Jina hilo alipewa kwa sababu mbili: alikaa juu kuliko watu wote, na huko juu hakuacha kutafuna. Lakini asubuhi ile hakuwa anatafuna kitu. Tangu Ijumaa hakuwa ametia tumboni ila juisi ya kijani, na choo kilipofika usawa wa ghorofa ya nne, tumbo lake lilitoa sauti aliyoisikia licha ya mngurumo wa mota.

Chanzo cha yote kilikuwa daktari wa kampuni. Kila mwaka mwendesha kreni hupimwa, na bila hati ya afya hapandi. Mwaka uliopita daktari, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alimfunga kitambaa cha presha mkononi, akatazama, akatazama tena, akasema, "Imepanda. Punguza chumvi, tembea. Mwakani nikikuta hivi, utafanya kazi stoo."

Twiga aliijua stoo. Haikuwa na dirisha. Ilinuka rangi na mipira, na mtunza stoo alikuwa mtu wa kuhesabu misumari huku akiimba. Kwa mtu aliyezoea kuona mvua kabla haijawafikia wenzake, stoo ilikuwa kaburi lenye rafu.

Mkewe, mwalimu wa hisabati, alilichukua jambo lile kama swali la mtihani. Aliondoa kibakuli cha chumvi mezani, akaacha kununua soda, na kila jioni akamtembeza mumewe hadi kwenye tangi la maji la mtaa na kurudi. Twiga alinung'unika kwenda, akanung'unika kurudi, lakini alitembea. Miezi ikapita hivyo.

Siku ya kupimwa ilipokaribia, akaanza kuingiwa na wasiwasi. Ndipo alipoingia shemeji yake, mdogo wa mkewe, na katoni la chupa. Kijana huyo alikuwa ameuza vifuniko vya simu, kisha magodoro ya kupunguza mawazo, na sasa aliuza usafi wa ndani.

"Shemeji," alisema, akiweka chupa moja mezani kama anayeweka mtoto mchanga, "mwili wako umejaa sumu."

"Sumu gani?" aliuliza mkewe Twiga kutoka jikoni. Alikuwa anapigana na sinki, ambalo kwa muda sasa lilikuwa linanywa maji kwa uvivu.

"Sumu za kila aina, dada. Sumu ni sumu."

"Nitajie moja."

"Dada, mimi siyo mkemia."

"Naona."

Shemeji akamgeukia Twiga, maana mteja ni yule anayesikiliza. "Kreni yako hamuimwagi oili chafu mkatia mpya?"

"Tunaimwaga."

"Chujio hamlisafishi?"

"Tunalisafisha."

"Sasa wewe, tangu uzaliwe, nani amekusafisha?"

Swali hilo lilimwingia Twiga barabara. Alikuwa ameipaka kreni ile grisi kwa mikono yake miaka nenda miaka rudi, na aliamini kwamba chombo kisichosafishwa hufa. Akajiona ana kutu kuanzia kooni.

"Hii inasafisha mirija yote," shemeji aliendelea. "Mirija ya damu, ya ini, ya tumbo. Huli kitu, unakunywa hii tu. Siku ya kupimwa, daktari atadhani amempima mwanao."

"Mume wangu," alisema mwalimu, akitokea na mikono inayochuruzika, "umetembea miezi yote hiyo. Umeacha chumvi. Ukinywa na hili dude, halafu presha ikashuka, utajuaje kilichoishusha ni kipi?"

"Ikishuka, mimi nitajali kilichoishusha?"

Mwalimu alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa kuchungulia. Akarudi kwenye sinki.

Juisi ilikuwa na harufu ya nyasi zilizokatwa zikasahauliwa kwenye ndoo. Jumamosi Twiga aliumwa kichwa. Shemeji akasema ni sumu zinaaga. Jumapili alipanda kwenye mizani ya bafuni, akakuta amepungua kilo tatu, akamwita mkewe aje aone. Mkewe alikuja, akaona, akasema, "Hata ndoo ikimwagwa maji hupungua uzito." Tumbo lenyewe lilikuwa limetulia tuli. Shemeji, alipopigiwa simu, alisema hiyo ni dalili njema: linajiandaa.

Jumatatu, usawa wa ghorofa ya nne, lilikuwa tayari.

"Twiga, simama hapo hapo," ilisema redio ya mkononi. "Upepo umeanza. Mzigo unayumba."

Sauti ilikuwa ya Filimbi, mwanamke aliyesimama chini na kofia ngumu ya njano, akimwongoza mwendesha kreni asipoona. Redio zao zilisikika kwa wote: msimamizi, mafundi wa juu, mlinzi wa getini, na mtunza stoo.

Twiga akasimamisha. Jasho lilimtoka jembamba, la baridi. Akakunja miguu. Akakunjua. Akaikunja upya kwa namna nyingine.

"Filimbi," alisema, "huo upepo utachukua muda gani?"

"Nikimpata nitamuuliza. Shikilia."

"Siwezi kushikilia."

"Mzigo una tatizo?"

"Mzigo hauna tatizo."

"Kreni ina tatizo?"

"Kreni nzima."

"Basi nini, kaka? Sema. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Twiga alitazama chini. Kulikuwa na watu wengi kuliko alivyopenda, na wote walikuwa wameinua nyuso. Kanuni ya kazi aliijua vizuri kuliko jina la mjomba wake: mzigo ukiwa kwenye kulabu, mwendesha kreni haondoki kwenye kibanda. Haijalishi nini. Na mzigo uliokuwa kwenye kulabu ndicho kitu pekee duniani alichokihitaji.

"Tumbo," alisema.

Kutoka ghorofa ya sita fundi mmoja akasema taratibu, "Jamani, kumbe na yeye anatumia choo."

"Funga redio yako!" Filimbi alifoka, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Nyote fungeni. Twiga, nisikilize mimi peke yangu. Ghorofa ya sita tumeahirisha. Tunarudisha chini. Upepo umepungua kidogo. Shusha polepole."

"Polepole?"

"Polepole, kaka yangu. Haraka haraka haina baraka, na leo utaliona hilo kwa macho."

Akashusha. Alikuwa na sifa ya kutua mzigo kwa upole, lakini hakuna aliyewahi kumwona akitua kama siku ile. Choo kilipita pembeni mwa jukwaa la mafundi bila kuligusa, kikazunguka rundo la mchanga, kikasita kidogo hewani kama kinachofikiri, kikageuka taratibu, na kukaa chini mbele ya mguu wa ngazi ya kreni, mlango ukiwa umeielekea ngazi. Kati ya ngazi na mlango palitosha mtu mmoja kupita, tena kwa ubavu.

"Mzigo umetua," alitangaza Filimbi. "Narudia, umetua, na kulabu imefunguliwa. Twiga, shuka. Shika ngazi kwa mikono yote miwili. Usikimbie."

Alishuka kama mtu aliyebeba yai kwenye sehemu asiyoweza kuitaja. Kila alipofika kwenye kituo cha kupumzikia alisimama, akafumba macho, akazungumza na tumbo lake kwa maneno ya heshima. Miguu ilipogusa ardhi, dunia ikazunguka kidogo. Alinyoosha mkono, akashika mlango, akavuta.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya.

"Koleo!" alipiga kelele Filimbi. "Nani ana koleo?"

Mtunza stoo, ambaye siku zote hatoi hata kipande cha kamba bila kuhojiana na mtu, alitoka mbio stoo na koleo mbili, moja kila mkono. Filimbi alikata waya kwa mkato mmoja. Twiga akaingia. Mafundi wakageuka wote wakatazama ukuta, na baadhi yao mabega yalikuwa yanatetemeka.

Alipotoka alikuwa mweupe midomo, akashika ngazi asianguke. Msimamizi hakumwacha apande tena. Siku yake ya kupimwa ilikuwa kesho, lakini haikungojewa; alipelekwa kwa daktari saa ile ile.

Daktari alimlaza, akampima. Akamwambia asimame, akampima tena, na Twiga ikabidi ashike ukingo wa kitanda.

"Umekula nini?"

Twiga akaeleza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa inatoa sumu gani?"

"Hakuitaja."

"Hawaitaji kamwe. Ningependa siku moja mtu aniletee jina." Akatoa kitambaa mkononi mwake. "Ukilala presha yako ni nzuri. Ukisimama inaanguka, kwa sababu umekauka. Umenyimwa chakula, halafu ukanyweshwa dawa ya kuharisha."

"Lakini nimepungua kilo tatu, daktari."

"Ni maji, na vile ulivyoviacha kazini. Vitarudi."

"Kwa hiyo hainisafishi? Maana hata kreni, daktari, tunaimwaga oili..."

"Kreni yako ikichafuka, inajisafisha yenyewe?"

"Hapana."

"Wewe unajisafisha. Una ini, una figo. Zinafanya kazi hiyo hata sasa, umekaa hapo unabishana nami. Zikiharibika, hutapona kwa juisi, utaletwa kwangu." Alisukuma pembeni karatasi ya hati bila kuigonga muhuri. "Leo sikupi. Mtu anayeona kizunguzungu akisimama hawezi kuning'iniza tani juu ya vichwa vya watu. Kunywa maji, kula chakula cha kawaida, rudi Jumatatu ijayo."

Wiki ile Twiga alifanya kazi stoo, akihesabu misumari, huku mtunza stoo akiimba. Alijifunza beti zote bila kupenda. Nyumbani alikula alichopewa, bila chumvi ya mezani, na jioni alitembea hadi kwenye tangi na kurudi, safari hii bila kunung'unika. Kilo tatu zilirudi kabla wiki haijaisha.

Jumatatu daktari alimpima amelala, amekaa na amesimama. Kisha akafungua faili la mwaka uliopita, akalinganisha.

"Imeshuka vizuri. Nani amekusimamia?"

"Mke wangu."

"Mwambie aendelee." Akagonga muhuri.

Jioni ile shemeji alifika kabla hata ya kualikwa, amebeba katoni jipya na uso wa ushindi. "Si nilikwambia, shemeji? Umepita! Sasa niambie, juisi imefanya kazi, haijafanya?"

"Mdogo wangu," alisema mwalimu, "jogoo awike asiwike, kutakucha. Wiki nzima hajainywa."

"Dada, hiyo inafanya kazi hata baada ya kuiacha. Inabaki kwenye mirija. Hakuna mrija isiyoweza kuuzibua."

Mwalimu akaichukua chupa iliyobaki, akaenda jikoni, na wanaume wawili wakamfuata. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yamejaa kwenye sinki hadi nusu, yametulia. Akamimina chupa yote. Sinki likawa la kijani. Wakasubiri wote watatu. Maji hayakushuka.

Twiga alileta spana na ndoo, akalala chali chini ya sinki, akafungua bomba pale lilipopinda. Juisi ikamwagikia ndoo, na nyuma yake likatoka fundo la nywele, majani ya chai na kifuniko kimoja cha soda cha mwaka uliopita. Akakaza bomba. Mkewe akafungua koki.

Maji yakashuka.