Mdhamini wa Pili

Usiku wa jana niliota viungo vya mwili wangu vinafanya mkutano wa kikoba, kuweka na kukopa, bila kunialika. Nilifika nimechelewa. Moyo, ambaye ndiye katibu, aliniandikia faini ya mia tano na kunionyesha pa kukaa kwenye mkeka.

Niliudhika. Mimi ni fundi wa sare, nusu ya watoto wa Muheza wamevaa kazi ya mkono wangu, na miaka sita kwenye kikoba sijawahi kupigwa faini.

"Leo wewe ndiye ajenda," alisema Tumbo, mwenyekiti. Alikuwa amevaa kanga yangu ya sikukuu. "Umekopa usingizi wa wiki tatu. Katiba inasemaje?"

"Kila mkopo una wadhamini wawili," walijibu wote. Mgongo alijibu akiwa amelala, alisema hawezi kukaa.

Moyo anafungua daftari. Anasoma kwamba ananifanyia kazi ya ziada kila siku, hata nikiwa nimepumzika. Tumbo anaongeza kwamba tangu Jumatatu analetewa chai ya rangi peke yake. Kichwa ananyoosha mkono, kisha anasema basi, anaumwa.

Ghafla tuko zahanati, mkeka ni uleule. Mashine ya presha inanibana mkono na kuniuliza, kama nesi alivyoniuliza wiki iliyopita, "Mama, una mawazo?"

"Sina," nikajibu, kama nilivyomjibu nesi.

Hapo akaingia bwana mnene mwenye koti, akaruka foleni yote, akaja kukaa kifuani kwangu. Nilimfahamu. Ni deni la cherehani mpya, ambalo nimemficha mume wangu Mhina tangu shule ilipoacha kuniletea oda.

"Mtaje," alisema Tumbo. "Hatuwezi kumwondoa mtu asiyeandikwa kwenye daftari."

"Mimi si mtu wa kulialia," nilisema kwa shida, maana bwana alikuwa mzito.

"Nani amesema ulie? Taja."

Kwenye kikoba hakuna anayezungumza ameketi. Kwa hiyo nikasimama, bwana yule akining'inia kifuani, nikavuta pumzi. "Laki nne na elfu thelathini."

Bwana akashuka, akaomba kiti. Alipokaa, miguu yake haikufika chini.

Viungo wote wakanipigia makofi matatu, yale tunayompigia mwanachama aliyemaliza hisa zake. Nilijivunia, sifichi. Siku niliyokabidhi sare mia mbili kwa mpigo sikujivunia hivyo.

"Mdhamini wa kwanza ni wewe mwenyewe," alisema Moyo, akanigonga muhuri wa zambarau kiganjani. "Wa pili yuko wapi?"

Nikafungua macho. Jua lilikuwa limejaa chumbani, nimelala mpaka saa mbili asubuhi. Nilitazama kiganja changu haraka. Kilikuwa kisafi, na nilisikitika kidogo.

Mhina alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha uji.

"Laki nne na thelathini, mama Hoza," alisema. "Umeitaja vizuri kabisa, nadhani hata jirani kasikia. Tutailipa kidogo kidogo, wewe na mimi. Kunywa uji kwanza, halafu twende tukapime hiyo presha."

Akahamisha kikombe mkono wa pili ili anipe. Kwenye kiganja alichokiacha wazi kulikuwa na muhuri wa zambarau, wino bado mbichi.