Chumba cha Uani

Jumatano saa nane mchana, mwalimu wa usuluhishi alipanga viti vitatu, akasukuma meza ukutani. Meza, aliwaambia wanafunzi wake wa sheria, humfanya mtu ajione yuko mahakamani. Zoezi la siku hiyo lilihusu ndugu wawili wanaogombea nyumba ya marehemu mama yao. Mwanafunzi aliyepangiwa kuigiza ndugu wa kiume alikuwa na homa, kiti chake kikabaki kitupu.

Hodi ikapigwa. Akaingia mdogo wake mwalimu, aliyezikwa miaka sita iliyopita, akaketi pale.

"Karibu," alisema mwanafunzi aliyeigiza msuluhishi, msichana ambaye wenzake walimwita Bi Taratibu. "Hapa hakuna hakimu. Unagombana na nani?"

"Na dada yangu. Yule mwenye chaki."

"Mwalimu, tafadhali njoo ukae."

Mwalimu akapangusa mikono, akakaa.

"Sikuitaka nyumba," mdogo wake alianza. "Nilitaka chumba cha uani, kile nilichomuuguzia mama. Niliandika barua tatu, zikajibiwa na karani wake. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, ndivyo tulivyolelewa. Dada akachukua joho la uwakili, akaenda mahakamani."

"Sheria ilikuwa upande wangu," alisema mwalimu.

"Hatujafika kwenye sheria," alisema Bi Taratibu kwa upole. "Kwanza rudia alichosema mwenzako. Si wewe uliyetufundisha?"

Mwalimu alijaribu mara mbili, kila mara akaanza na kifungu cha sheria. "Amesema... alitaka chumba."

"Kimoja," mdogo wake akasahihisha.

"Chumba kimoja."

Baada ya dakika ishirini wakaafikiana, wakatia saini. Mdogo wake akakunja nakala yake. "Nitahamia lini, dada?"

Nyumba ilibomolewa mwaka ule ule wa hukumu. Pale sasa huegeshwa magari. Mwalimu akamweleza. Mdogo wake akajibu kwamba anajua, ameuliza tu, akaondoka kwa kuwa darasa jingine lilikuwa likisubiri mlangoni.

Bi Taratibu alipata alama zote.

Tangu hapo mdogo wake mwalimu huja kila muhula, na kila kundi humpa chumba kile. Mkuu wa kitivo ameliingiza zoezi kwenye mtaala. Siku hizi mwalimu hurudia maneno ya mdogo wake bila kukumbushwa. Juzi akaongeza kwamba anaomba radhi. Msuluhishi akauliza kama hilo nalo liandikwe.

Mdogo wake akafikiri kidogo. "Liandikwe," alisema. Kisha akauliza atahamia lini.